Mitumba Unguja mjini: uliza kwanza mzigo umetoka wapi, duka baadae

Suali ninaloulizwa sana na watu waliohamia mjini karibuni, na hata wenyeji, ni "duka gani la mitumba zuri?" na mie kila siku nasema suali hilo limekaa upande, mana hapa kwetu duka moja leo lina mzigo wa maana wiki ijayo lina matambara matupu, jina la duka halikwambii kitu. Kinachokwambia kitu ni mzigo umetoka wapi, umefunguliwa lini, na aliyeuleta ni nani. Ukishayajua hayo hata kwenye kichochoro Mlandege utapata kitu cha maana, usipoyajua utapigwa hata kwenye jengo jipya lenye vioo na feni.

Nitaanza na mizigo inavoingia, halafu sehemu za kwenda, halafu ukaguzi ambao ndo mrefu kuliko vyote na ndo wenye faida.

Hatua ya kwanza: jua mzigo umeingiaje

Nguo, viatu, mikoba, mashuka na mapazia vinakuja kwenye mabelo. Belo la kawaida lina kilo 45, limebanwa na kufungwa kwa mashine, na anayelinunua hapewi nafasi ya kuchungulia ndani, analipa kwanza ndo anafungua. Huwa yamepangwa kwa aina, kuna belo la mashati, la magauni, la watoto, la mashuka. Mengi yanapitia Dar halafu yanavushwa kuja huku, kwa hiyo nauli ya meli na hamali wa bandarini Malindi vyote vimo kwenye bei unayotajiwa, ndo mana shati lile lile Ilala ni rahisi na huku limepanda kidogo, usimlaumu muuzaji.

Muuzaji mwenyewe na yeye kacheza bahati nasibu. Ndani ya belo kuna vitu vichache vizuri kabisa, wenyewe wanaita krimu, na hivo ndo vinavyorudisha pesa yake, vilobaki ni vya kuuza kwa chochote. Kwa hiyo belo linapofunguliwa bei iko juu na vitu vizuri vipo, ikifika siku ya pili ya tatu krimu imeshaondoka, kilobaki kinamwagwa chini kinakuwa sagula sagula bei moja kwa yote. Hizo ni biashara mbili tofauti ndani ya mzigo mmoja, na wewe uamue mapema unaingia kwenye ipi. Unatafuta koti la harusi au blauzi ya kazini ya maana, nenda siku ya kufungua. Unatafuta nguo za watoto za kuchezea au mashati ya kushindia, subiri vimwagwe.

(Na wale wanaotwambia kila mwaka mitumba inakaribia kwisha: 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa ndani ya miaka mitatu, Marekani wakatishia kuondoa nafuu ya ushuru ya AGOA (ile sheria yao inayoziingiza bidhaa za Afrika kwao bila ushuru), Tanzania na wengine wakarudi nyuma, Rwanda ndo wakabaki na msimamo. Mabelo bado yanashuka, kwa hiyo nunueni kwa raha zenu.)

Vitu vya ndani ni habari nyengine. Friji, sofa, majiko, baskeli, vigari vya watoto, sahani, mashine za kufulia, hivi vinakuja kwenye makontena, sana sana kutoka Uingereza na Dubai, na vingi vinaletwa na ndugu zetu wenyewe wanaoishi huko ambao wanakusanya vitu, wanajaza kontena, jamaa yao huku anauza. Hapa ndo suali la mzigo umetoka wapi linakuwa la pesa hasa, nitalieleza kwenye umeme.

Mlango wa tatu watu wanausahau: mahoteli na wageni. Hoteli ya Nungwi au Paje ikifanya ukarabati inatoa viyoyozi, vitanda, meza, mashuka meupe, mataulo, vyote kwa mkupuo. Na mgeni aliyekaa kwa kazi mwaka au miaka miwili akiondoka anauza nyumba nzima ndani ya siku chache, na huyo hana muda wa kubishana, tarehe ya ndege imeshafika.

Sehemu zenyewe

Kwa nguo, anzia Darajani, Mchangani mpaka Mlandege, eneo lote hilo unalimaliza kwa miguu asubuhi moja. Nje utakuta za kumwagwa na za kutundikwa, ndani ya maduka utakuta mchanganyiko wa mtumba na mpya ya Dubai na China, na hapa kuwa macho, mana kuna nguo mpya ya bei chee inayovuliwa lebo ikatundikwa pamoja na mtumba kwa sababu watu wanaamini mtumba ni imara zaidi. Wauzaji wa Darajani wamehamishwa hamishwa sana na ujenzi miaka hii, wengine wakaenda Kijangwani, wengine Saateni, kwa hiyo mtu akikwambia "pale pale pa zamani" muulize pa lini.

Mwanakwerekwe panda gari namba 510 ushuke sokoni. Soko limejengwa upya la ghorofa, ila mie macho yangu yanakuwa zaidi kwa wanaopanga nje jioni watu wakitoka kazini, hapo bei imekaa kibinadamu kwa sababu wateja ni watu wa mitaa hiyo hiyo, sio wapita njia. Ukiwa na watoto wa skuli, nguo zao tafuta huku kabla hujaenda Darajani.

Vitu vya makontena havina soko moja. Ukipita barabara ya Amani kuelekea Mwanakwerekwe na mitaa ya huko utaona friji na sofa zimepangwa barazani, duka leo lipo kesho limefungwa kwa sababu kontena limekwisha. Usiende na haraka, pita, uliza "kontena jengine linashuka lini?", acha namba yako ya simu. Wenye makontena wanapenda kupiga simu kwa mtu anayejulikana kuliko kukaa kungoja mteja, na wewe unatizama mzigo ukiwa bado na vumbi la safari.

Vya wageni wanaohama vinapita kwenye magrupu ya WhatsApp na Facebook. Muombe mtu anayefanya kazi hoteli au kwenye miradi akuingize. Masharti ni mepesi: usitume pesa kabla ya kuona kitu, hata kama mtu anakwambia kuna wengine watano wanakisubiri. Akuonyeshe kitu, ukishike, ukiwashe, ndo utume.

Mji Mkongwe, Hurumzi na Gizenga, kuna vitu vya kale, masanduku ya njumu, samadari, saa za ukutani, mabirika ya shaba. Kwa mkaazi bei hizo ni za mtalii, na vingi vimetengenezwa majuzi vikachakazwa makusudi. Kama unataka samadari ya kulalia kweli, uliza kwenye nyumba za watu wazima shamba au mjini wanaobadilisha vitanda, utapata mti wa zamani kwa bei ya kueleweka.

Wenzetu wa Pemba, Chake na Wete mnauziwa mabelo hayo hayo ila yameshavuka maji tena, kama mna kitu kikubwa mnatafuta afadhali mpate mtu Unguja awakagulie.

Siku na saa

Asubuhi muuzaji anataka kufungua biashara, hapendi mteja wa kwanza aondoke mikono mitupu, hapo unapata punguzo hata kwenye mzigo mzuri. Jioni sana anataka kupunguza mzigo wa kubeba, hapo unapata punguzo kwenye vilobaki. Mchana jua la utosi huna faida yoyote. Ijumaa usipange safari ya kuanzia saa sita, watu wanakwenda msikitini na maduka yanafungwa.

Mwezi wa Ramadhani kumi la mwisho usinunue mtumba kabisa kama unaweza, hasa nguo za watoto, bei zinapanda na watu hawapitiki, kila mtu anatafuta nguo ya sikukuu. Nunua Shaaban ukaweke. Na masika yakianza zile za kumwagwa chini zinalowa, zinafungwa kwenye turubai zikiwa na unyevu, zinapata harufu ya ukungu ambayo haitoki kwa kufua mara moja, kwa hiyo miezi hiyo nunua za kutundikwa tu.

Kukagua nguo

Vaa chepesi. Hakuna chumba cha kujaribia, kwa hiyo wanawake baibui au dera pana linasaidia, sketi unaivaa kwa ndani hapo hapo bila kusumbuka, wanaume fulana nyembamba. Suruali usiyoweza kuijaribu ifunge kifungo halafu izungushe kiuno chake shingoni kwako, ncha zikikutana nyuma bila kubana wala kulegea basi kiunoni itakukaa, haikosei sana ila kwa mwenye tumbo ongeza kidogo.

Mkono utangulie macho. Pitisha mkono kwenye rundo bila kutizama rangi, ukigusa kitambaa kizito laini vuta, ndo utizame. Rangi inadanganya, kitambaa hakidanganyi. Halafu soma lebo ya ndani, pamba na kitani ndo vya kwetu huku, poliesta ukiivaa kaskazi imepamba moto utajuta ndani ya daladala. Halafu inua nguo uitizame kwenye mwanga, vitundu vya nondo huvioni ikiwa mezani. Kwapani, kola, mapaja kwa ndani, zipu upande mpaka mwisho na kushuka, vifungo uhesabu. Doa la njano kwapani mwache nalo muuzaji, halitoki. Doa la wino au chakula ni suala la kubishana bei. Mshono uliofumuka usikutishe hata kidogo, fundi cherehani anamaliza dakika tano, na mie ningesema kitu kilichofumuka mshono ndo kitu cha kutafuta kwa sababu muuzaji anakiogopa kuliko kinavyostahili.

Weka pesa ya fundi kwenye hesabu tangu mwanzo. Gauni la rahisi linalohitaji kupunguzwa pande zote, kubadilishwa zipu na kupindwa chini si rahisi tena, wahenga walisema rahisi inavunja upishi.

Viatu vikunje. Hasa raba na buti za zamani, soli zile laini za kama sponji zinaoza zenyewe kwa umri hata kama hazikuvaliwa, na joto na unyevu wetu unaharakisha, unavaa mara mbili soli inabomoka vipande barabarani. Kunja mbele, bonyeza kisigino kwa kidole gumba, kikitoa unga au kikipasuka rudisha. Tizama pia kisigino kimelika upande gani, kikiwa kimelika sana upande mmoja mguu wako utafuata mwendo wa mwenyewe wa mwanzo.

Nguo za ndani usinunue za mtumba, Bara TBS, shirika la viwango, walishazipiga marufuku kwa sababu za afya, na huku pia busara ni hiyo hiyo. Magodoro pia mie siyagusi, kunguni akiingia nyumbani gharama ya kumtoa inazidi bei ya godoro jipya.

Vitu vya umeme, hapa tulia

Umeme wetu ni volti 230, hezi 50. Uingereza ni hivo hivo na plagi yao ya pini tatu za pembe nne ndo ya ukutani kwako, Dubai pia. Kwa hiyo kitu cha Uingereza au Dubai unakichomeka tu. Kitu cha Japani ni volti 100, cha Marekani ni 120 na hezi 60, ukikichomeka kwenye soketi yako moshi unatoka pale pale, na transifoma ya kuendeshea friji au maikrowevu si kitu cha bei ndogo. Ndo mana nasema uliza mzigo umetoka wapi, na usiridhike na jibu, geuza kitu nyuma usome kibandiko: kikisema 220-240V 50Hz sawa, kikisema 100V kiache hata kama anakuuzia nusu bei. Chaja za kompyuta na simu nyingi zimeandikwa 100-240V, hizo hazina tabu popote.

Friji usinunue iliyozimwa. Mwambie aiwashe, ukae si chini ya nusu saa, kama hana umeme dukani mwambie utarudi. Ikiwaka sikiliza kompresa, mlio mdogo wa kufululiza ni sawa, ikigonga na kuzima na kuwaka tena inakufa. Shika mabomba ya nyuma au ubavuni yawe ya moto, friza iwe imeanza kubaridi. Akikwambia "inataka gesi tu", elewa kwamba gesi ya friji haiishi kama petroli ya gari, ikipungua maana yake kuna pahala inavuja, na ukijaza bila kuziba utajaza tena. Tizama kibandiko cha gesi pia: R134a mafundi wengi wanaijua, R600a ni gesi inayowaka moto kwa hiyo itake fundi anayejua si wa kubahatisha, R12 ni friji la zamani sana, liache. Raba ya mlango ijaribu kwa noti, weka noti katikati funga mlango uivute, ikitoka bila kukwama baridi inatoka hapo hapo na yuniti zako za Tukuza, umeme wa kulipia kabla, zinakwenda nayo.

Ukilisafirisha lisimame. Kirikuu au mkokoteni vyote sawa, ila likilazwa njiani mafuta ya kompresa yanahama, kwa hiyo likifika liache limesimama masaa kadhaa kabla ya kuwasha. Na nunua kile kikinga umeme cha friji, umeme wetu ukipanda na kushuka ndo unaoua kompresa kuliko uzee.

Kiyoyozi cha hoteli ya pwani kifungue kipande cha nje. Chumvi ya bahari inakula zile bati nyembamba za aluminiamu, ukizigusa zikamong'onyoka kama majivu hapo hakuna kitu. Cha hoteli ya mjini ndani ndani mbali na ufukwe kinaishi zaidi. Chumvi hiyo hiyo tizama kwenye baskeli, chini ya kiti na pale chuma zinapoungana, na kwenye tundu la chaji la simu.

Sofa na makabati ya Uingereza mengi ni ya vumbi la mbao lililogandishwa, kule kwao pakavu yanadumu, huku yakivuta unyevu yanavimba miguuni. Inama utizame chini na nyuma, kama pembe zimeanza kufura achana nayo. Mninga au mvule wa hapa uliochakaa unapigwa msasa na vanishi, unarudi.

Simu na vyombo vya moto

Simu bonyeza *#06#, namba ya tarakimu 15 itokee, ilingane na ya kwenye boksi kama lipo, halafu itume kwa ujumbe kwenda 15090, utajibiwa ni simu gani. Jibu likitaja aina tofauti na uliyoshika mkononi rudisha. Kumbukeni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walizima simu feki, watu wakabaki na vipande vya plastiki. Halafu hakikisha mwenyewe ametoa akaunti yake mbele yako, iCloud au Google, irudishwe kuwa mpya na iwake bila kuuliza neno la siri la mtu. Akisema "nitakutumia neno la siri baadae", hapo hapana.

Vespa au pikipiki bila kadi ya usajili usinunue, na kadi iwe na jina la anayekuuzia au awepo mwenyewe. Kwa hivi vya thamani, hata friji na televisheni kutoka kwa mtu wa mtaani usiyemjua, andikianeni karatasi, jina, namba ya kitambulisho, namba ya kitu, mashahidi, na kama unaweza mpitie kwa sheha. Muuzaji wa halali hakasiriki. Anayekasirika kakupa jibu.

Kubishana bei

Salamu kwanza jamani, kamili, na habari za nyumbani, usifike ukauliza "shingapi?" kama umekuja kudai deni. Usishike kile unachokitaka, shika viwili vyengine kwanza. Akikwambia 15,000 si tusi kuanza na 7,000 mukakutana kwenye 10,000, ila kwenye vya kumwagwa bei imeshatajwa kwa sauti, kubishana hapo ni kumchosha mtu bure, bora chukua vitano uombe cha sita. Beba noti ndogo, chenji ndo inayoua punguzo, na ukilipa kwa simu kubalianeni ada ya kutolea nani anabeba kabla hujabonyeza. Ukipata muuzaji mkweli mshike, mpe namba, mwambie unavaa saizi gani na unapenda nini, siku ya belo atakupigia kabla ya wengine.

Ukifika nyumbani

Mfuko wa nguo usiuingize chumbani, uache uani mpaka zifuliwe. Zinazostahimili ziloweke kwenye maji ya moto nyuzi 60 na kuendelea, hayo yanaua kunguni na mayai yake, ambazo haziwezi moto zipige pasi ya mvuke kwenye mishono yote mana ndo wanapojificha. Zianike juani zikauke kabisa, kama harufu ya dawa ya mabelo bado ipo fua tena na siki kidogo kwenye maji ya mwisho, halafu fukiza udi zikiwa zimekauka, ukifukiza zikiwa na unyevu unazifungia harufu mbaya ndani. Viatu visikae juani siku nzima, gundi inaachia, vifute, vijaze magazeti, viweke kivulini penye upepo siku mbili.